Dada wa Alhamisi

Tangu mdogo wake alipoanza kutamka maneno, hakuwa na jina jingine ila Dada. Mama yao alimwita Dada, majirani wakamwita Dada, na alipofungua saluni yake mwisho wa mtaa, hata wateja waliomzidi umri kwa mbali nao wakamwita Dada. Mdogo mtu aliitwa Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Aliongea akisuka, akaongea akila, na Mama alikuwa akiapa kwamba hata usingizini anaongea, tena anajijibu mwenyewe. Dada ndiye aliyekuwa na mikono mepesi, anamaliza kichwa kizima cha misuko midogo bila mteja kulalamikia shingo. Lakini watu walikuja kumsikiliza Chiriku, na Dada alijua hivyo, na hilo halikumsumbua sana.

Siku ile ilikuwa mchana kweupe. Mteja mmoja alikuwa ametoka, mwingine hajafika. Chiriku alikuwa anafagia nywele, Dada anaosha vitana kwenye beseni. Wakaingia wanaume wawili, wakauliza kama hapo wananyoa. Chiriku akacheka, akawaambia hapa ni kwa wanawake, labda kama wanataka kusukwa. Wa nyuma akafunga mlango. Mmoja akamkamata Chiriku nywele na kumwekea kisu shingoni. Mwingine akamsukuma Dada ndani ya stoo, kijichumba cha kuwekea taulo na dawa za nywele, akatia komeo kwa nje.

Kule ndani hakukuwa na dirisha wala taa. Kulikuwa na harufu ya dawa tu, na sauti ya mdogo wake ikisema "naomba, naomba", kisha haikusema tena.

Waliondoka na simu na mashine za kukaushia nywele. Watu walipokuja walimkuta Chiriku amekaa sakafuni katikati ya nywele, shingoni ana mkwaruzo mwembamba ulioanza kukauka. Wakamfunika kanga, wakampa maji, wakamshika mikono. Ilichukua muda mpaka mtu akakumbuka kuuliza Dada yuko wapi.

Kuanzia hapo Chiriku akanyamaza. Si kwamba hakusema kabisa. Alisema "asante", alisema "nimeshiba", alisema "basi tu". Mlango ukibamizwa, alichoshika kilianguka. Hakuweza kukaa na mgongo kuelekea mlangoni, na mtu akimgusa nywele kutoka nyuma aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama akampa kitanda chake cha karibu na dirisha, yeye akahamia kwenye godoro. Redio ikapunguzwa sauti. Sufuria zikawa zinatuliwa polepole kama mayai. Wageni walikuja kwa zamu, wakaingia chumbani kwa kunyata, wakatoka wanajifuta macho, na wakimkuta Dada jikoni anaosha vikombe walivyonywea, walimpigapiga begani.

"Wewe Mungu alikusitiri," walimwambia. "Afadhali ulikuwa ndani."

"Ndiyo," Dada alijibu. "Afadhali."

Hakuna aliyemuuliza huko ndani kulikuwaje.

Alirudi saluni peke yake, maana wateja hawana subira na mtu lazima afungue. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita fundi seremala aung'oe mlango wa stoo. Fundi akauliza una ubaya gani. Dada akasema unakwama. Fundi akaufungua, akaufunga, ukaenda na kurudi bila hata kulia. Akamtazama Dada, kisha akatoa bisibisi akang'oa bawaba. Dada akatundika pazia.

Aliyemleta mshauri katika maisha yao ni Mama. Alisikia kwamba kwenye kituo cha afya kuna mwanamke anayekaa na watu waliopatwa na mambo mazito, akampeleka Chiriku Alhamisi moja, amemshika mkono kama anampeleka chekechea. Waliporudi, Chiriku akamaliza sahani yake yote. Dada akashindwa kuvumilia.

"Amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Ameniuliza nataka kukaa wapi."

"Kukaa wapi kivipi?"

"Kuna kiti cha karibu na mlango, kuna cha dirishani. Nikachagua cha mlangoni. Akaniuliza mlango uwe wazi au ufungwe. Nikasema uwe nusu, akauacha nusu."

Dada akasubiri yaliyobaki. Hayakuja.

"Kwa hiyo mmemaliza saa nzima mnapanga viti? Mambo ya siku ile je?"

"Amesema hayo mpaka nitake mwenyewe. Na nisipotaka, basi."

"Kazi rahisi hiyo," Dada akasema, na Mama akamtupia jicho la kumnyamazisha.

Alhamisi zikafuatana, na kila ikipita Chiriku alirudi na jambo dogo. Kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, bila viatu, mpaka ausikie ubaridi wake. Kutoa pumzi taratibu kuliko alivyoivuta, kama mtu anayepoza chai. Kunawa uso kwa maji ya baridi moyo ukianza kwenda mbio. Kuangalia chumba na kutaja vitu anavyoviona, pazia, kikombe, kiatu kimoja cha Mama, mpaka mwili ukumbuke kwamba uko hapa na si kule. Kuvumisha wimbo huku mdomo umefumbwa. Nyumba nzima ikawa inavuma kama mzinga wa nyuki, na Mama naye akaanza kuvuma akikata vitunguu.

"Hivi kupumua nako kunasomewa?" Dada akauliza siku moja. "Mimi nilidhani tunazaliwa tunajua."

"Dada anasema tunazaliwa tunajua, ila tukiogopa sana tunasahau."

"Mimi sijasema hivyo."

"Si wewe," Chiriku akasema. "Dada wa kule. Mshauri."

Dada alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Siku hizi unamwita dada?"

"Kila mtu anamwita hivyo. Mkubwa kwangu, nimwiteje sasa?"

Ilikuwa kweli. Ni adabu tu, mtu humwita dada hata muuza nyanya. Lakini Dada alihisi kama mtu ameingia chumbani mwake, amefungua kabati, na ametoka amevaa gauni lake. Na kuanzia siku hiyo, kila Chiriku aliposema "dada kasema", alijikuta anageuka, kisha anajigeuza tena kwenye kazi yake kama hakusikia.

Wivu haukuwa mgeni kwake. Alikwisha kumwonea wivu msusi wa mtaa wa pili mwenye viti vya kuzunguka, akausema hadharani na watu wakacheka. Huu wa sasa haukusemeka. Utasimama mbele ya nani useme unamwonea gere mtu aliyewekewa kisu shingoni? Aliona gere kwa kitanda cha dirishani. Aliona gere Mama alipoamka mapema kumchemshia Chiriku maji ya kuoga, wakati yeye alijimwagia ya baridi akakimbilia kazini. Vidole vilimuuma kwa kufanya peke yake kazi ya wasusi wawili, usiku macho yalikuwa makavu yanatazama dari, na hakukuwa na wa kumuuliza kwa sababu yeye hakuguswa. Wakati mwingine alikaa mbele ya kioo saluni, akaigusa shingo yake mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mshauri alikuja saluni mara moja tu. Chiriku alitaka kurudi kazini, na walikubaliana waende pamoja kwanza, wakae tu. Dada alikuwa amejiandaa kumwona mwanamke mrembo mwenye maneno matamu. Akaja mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea na sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Alimwacha Chiriku aongoze: asimame wapi, aguse nini. Walipofika sinki, Chiriku alianza kutetemeka, na mshauri hakumshika. Alimuuliza kama atapenda kushikwa mkono au la. Chiriku akasema la, akafungua bomba, akatia mikono yake mwenyewe kwenye maji mpaka ikatulia. Dada aliyatazama hayo kupitia kioo. Mara ngapi alikuwa amemkumbatia mdogo wake kwa nguvu na kumwambia tulia, tulia, na mdogo wake akakakamaa kama ubao!

Wakati Chiriku anapanga vitana, mshauri akasimama karibu na pazia la stoo. Akaona alama za bawaba ukutani.

"Hapa palikuwa na mlango?"

"Ulikuwa unakwama."

"Aha." "Na wewe dada yangu, unalalaje?"

Dada alikuwa amelisubiri swali hilo tangu siku ile. Alikuwa amelisubiri kwa Mama, kwa majirani, kwa fundi, hata kwa wateja. Na sasa limekuja, limetoka kwa mtu ambaye hakutaka kumpa chochote.

"Nalala kama gogo," akasema. "Mimi nilikuwa ndani. Mimi sina shida."

"Sawa. Ukitaka kuongea na mtu, si lazima awe mimi."

"Asante."

Mshauri hakusisitiza. Alipoondoka, Dada aliosha taulo safi, akazianika, akazianua mbichi, akaziosha tena. Alichukia kwamba ameulizwa. Alichukia zaidi kwamba hakuulizwa mara ya pili.

Alhamisi iliyofuata mguu wa Mama ulikuwa umevimba, kwa hiyo Dada ndiye aliyemsindikiza Chiriku. Akaachwa kwenye benchi ya ukumbini, mbele ya bango la kunawa mikono. Mlango wa mshauri ulikuwa nusu wazi, kama kawaida yao. Sauti ya chini ikasema kitu. Kisha Chiriku akacheka.

Halikuwa tabasamu, kilikuwa kile kicheko chake chenyewe, cha kuanzia tumboni, kinachomfanya apige paja. Dada hakuwa amekisikia tangu Chiriku alipowaambia wale wanaume kuhusu kusukwa. Alikuwa amejaribu kila kitu nyumbani: vichekesho, umbea, kuigiza wateja wagumu. Alichopata ni kicheko cha adabu tu. Na huyu mwanamke wa viatu bapa kakipata kicheko chote, kwa neno moja, kwenye chumba ambacho Dada hakukaribishwa. Alikaa pale benchi mikono imekaza mkoba, masikio yanawaka, na kwa mara ya kwanza akamwombea mtu mwema mabaya.

Siku mbili tatu baadaye simu ya Dada ililia akiwa na povu mikononi. Chiriku bado hakuwa na simu, kwa hiyo namba iliyoko kituoni ilikuwa ya Dada. Alikuwa mshauri. Amefiwa, anasafiri, Alhamisi hatakuwepo, lakini Jumatatu asubuhi atakuwa amerudi. "Mwambie Chiriku Jumatatu namsubiri. Mwambie nimeahirisha tu, sijamwacha. Hilo neno la mwisho usilisahau, tafadhali."

"Nitamwambia," Dada akasema.

Jioni alimkuta Chiriku anakunja nguo, anavuma wimbo.

"Dada yako amepiga simu."

Uso wa Chiriku ukafunguka. Labda kama usingefunguka vile, Dada angesema alichotumwa.

"Anasema ana watu wengi. Wenye shida kubwa zaidi. Wewe umeshapona, anasema, yaliyobaki utamalizia nyumbani."

"Amesema hivyo?"

"Si nimekuambia?"

Yalitoka kirahisi mno, bila hata kukwaruza koo. Dada alikuwa ameona jinsi itakavyokuwa: Chiriku atalia, atahitaji mtu, na mtu atakuwa hapohapo, wa siku zote, si wa Alhamisi tu. Lakini Chiriku hakulia. Alimaliza kukunja gauni aliloshika, akaenda kitandani, akageukia ukuta.

Habari za kurudi kazini akaziacha. Chakula akawa anakisogeza sogeza. Mama akahangaika, akamuuliza Dada kama wampigie mshauri, Dada akasema wasimsumbue, ana msiba. Hilo angalau lilikuwa kweli. Kisha Jumamosi akaamua kuichukua kazi hiyo mwenyewe. Akaingia chumbani na beseni la maji ya baridi na kitambaa.

"Haya, kaa. Weka miguu chini. Vuta pumzi."

Chiriku akakaa, akavuta.

"Sasa toa. Si hivyo! Polepole kuliko ulivyovuta. Umesahau? Pumua, nasema!"

"Dada," Chiriku akasema kwa sauti ndogo, "unanitisha."

Dada akabeba beseni lake akatoka nalo. Maji yakamwagika njia nzima.

Jumatatu aliamka akijua mshauri yuko njiani kwenda kituoni, ataweka kiti karibu na mlango, atauacha mlango nusu, na hakuna mtu atakayeingia. Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Dada akaingia bafuni. Tangu siku ile alikuwa anaoga bila kufunga, anaegesha tu mlango na kuimba ili watu wajue yumo. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juma zima, mbao zimevimba, na upepo ukaubamiza mlango ukakwama kwenye fremu yake. Akavuta. Akavuta kwa nguvu. Kitasa kikabaki mkononi.

Alikitazama kile kitasa kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha pumzi ikakata. Hakuona tena bafu, aliona giza la stoo, ingawa mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia juu ya ukuta. Akapiga mlango kwa viganja, kwa ngumi, kwa bega. Sauti iliyomtoka hakuijua.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Chiriku, nje. "Dada, umeanguka?"

"Fungua! Nifungulie, nifungulie, naomba!"

Chiriku akausukuma mlango. Haukutikisika. Dada alisikia miguu yake ikikimbia, na kwa kitambo akajua ameachwa. Kisha miguu ikarudi.

"Nimemtuma jirani amwite fundi. Anakuja. Mimi siondoki, nimekaa hapa chini mlangoni. Umenisikia? Niko hapa."

"Siwezi kupumua."

"Unaweza, ila sasa hivi unavuta tu, hutoi. Usivute. Toa. Kama chai ya moto. Toa tena." Chiriku mwenyewe alikuwa anatetemeka, ilisikika, lakini hakuharakisha. "Bomba liko karibu?"

"Liko."

"Ukiweza, fungua, utie mikono. Ni baridi?"

"Baridi sana."

"Haya. Niambie unaona nini."

"Naona mlango!"

"Huo tunaujua. Kingine."

"Ndoo. Ndoo ya bluu. Sabuni. Mswaki wa Mama."

"Ukoje huo mswaki?"

Dada akauangalia. "Umechakaa. Umetawanyika kama ufagio wa uani."

Nje Chiriku akacheka, kidogo tu, puani. Dada akakaa kwenye sakafu iliyolowa, mgongo kwenye mlango, na akahisi uzito wa mgongo mwingine upande wa pili wa mbao. Akatoa pumzi. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

"Nilikusikia," akasema.

"Wapi?"

"Siku ile. Nilikusikia ukisema naomba. Nikachukua taulo, nikaziba masikio. Wewe unaomba, mimi naziba masikio."

Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena.

"Mimi nilikuwa nawaza kama una hewa," Chiriku akasema. "Kisu kiko hapa, na mimi nawaza, kule ndani hakuna dirisha, atapata wapi hewa."

Dada akalia kwa sauti, uso kwenye magoti, bomba likiendelea kumwaga, maji yakipenya chini ya mlango hadi nje. Fundi alipofika akatia patasi kwenye upenyo, mlango ukatoka. Aliwaona ndugu wawili, mmoja amejifunga taulo, wote wamelowa, akageuza macho akaanza kukusanya vifaa vyake ambavyo hata hakuwa amevitandaza.

Fundi alipoondoka, Dada hakungoja akauke.

"Leo unasubiriwa kituoni."

"Na nani?"

"Na mshauri. Alifiwa, akaahirisha mpaka leo. Alisema nikuambie hajakuacha. Mimi ndiye niliyebadilisha maneno."

Chiriku alimtazama kama anatafsiri.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulicheka. Kule kwake. Mimi niko kwenye benchi, wewe unamchekea mtu mwingine."

"Nilicheka," Chiriku akarudia. "Nimelala siku zote hizi natazama ukuta, nadhani nimetupwa, nadhani hata kwa kuumwa nimeshindwa kuumwa vizuri, kwa sababu nilicheka?"

"Nisamehe mdogo wangu."

"Sasa hivi hapana." Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. "Baadaye labda. Sasa hivi usiniguse, na usinifuate."

Akatoka peke yake. Tangu siku ile alikuwa hajaenda popote peke yake, hata kibandani kununua chumvi. Dada alisimama dirishani, akamwona anatembea haraka, mkono mmoja ameubana kwapani, anageuka nyuma kila hatua chache, lakini anakwenda.

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Kwa siku nyingi Chiriku alimpa "asante" na "nimeshiba" zilezile, safari hii kwa hasira. Mama alipojua, alimkalisha Dada na kumsema mpaka mguu ukamuuma tena. Kisha mshauri akapiga simu. Dada alipokea akiwa saluni, amesimama wima, tayari kutukanwa.

"Sikupigii kwa ajili ya ujumbe ule," mshauri akasema. "Hilo ni lenu, wewe na yeye. Nilikuuliza siku ile unalalaje."

Dada akatazama alama za bawaba ukutani.

"Silali," akasema.

Akategemea kuambiwa njoo Alhamisi. Badala yake mshauri akamweleza kwamba hawezi kuwahudumia ndugu wawili wenye jambo moja, haitakuwa haki kwa yeyote, na akamwelekeza kwa mwenzake wa chumba cha mwisho. Mwenzake alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kikohozi na sweta lililotoboka kiwiko. Hakuwa na vichekesho. Alimuuliza anataka kukaa wapi, Dada akachagua karibu na mlango, na kutoka hapo aliweza kuona dirisha, na nje ya dirisha mapipa ya taka.

"Wako ana dirisha la maua," alimwambia Chiriku jioni hiyo, kabla hajakumbuka kwamba hawasemeshani. "Wangu ana mapipa. Na anakohoa. Hata kwenye kuumwa umenizidi bahati."

Chiriku alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akatazama dari, kisha kicheko kikamshinda, akapiga paja.

"Bado nimekukasirikia," akasema akifuta machozi.

"Najua."

"Sana."

"Najua."

Yule wa kikohozi alimsikiliza juma baada ya juma. Alimsikiliza habari za stoo, na taulo, na vikombe vya wageni. Siku Dada alipofikia kwenye wivu, akasema kwa kunong'ona, hakushtuka. Alimwambia wivu ukipanda asikimbilie kuufukuza wala kuufuata. Aweke miguu chini, atoe pumzi, kisha ajiulize anataka nini hasa. Dada akaweka miguu chini hapohapo, akajiuliza.

"Nilitaka niulizwe," akasema. "Basi. Mtu aniulize na mimi."

Chiriku alirudi saluni. Waligeuza kiti chake kikatazama mlango, na kioo wakakihamisha ukuta wa pili, na wateja wakazoea kuulizwa kabla ya kuguswa kichwa. Wengine walipenda hilo kuliko misuko. Alianza kuongea tena, si kama zamani, kwa vipindi. Siku nyingine aliganda katikati ya sentensi, akaenda sinki, akarudi. Dada akajifunza kutomkimbilia.

Wivu haukuisha. Jioni moja kabla ya chakula walikuwa jikoni wawili hao, wanalinganisha kama walivyozoea. Chiriku anasema wangu amenifundisha kukaza ngumi na kuilegeza, Dada anasema wangu alinifundisha hilo mwanzoni kabisa, wako amechelewa, Chiriku anasema wako amelitoa kwa wangu. Mama alikuwa anakoroga chungu. Akauachia upawa ukaanguka.

"Wako, wangu! Wako, wangu!" akasema. "Na wangu mimi yuko wapi?"

Wakamgeukia. Mama hakuwa na desturi ya kupaza sauti.

"Kila mmoja hapa ana mtu wa kumwambia. Mmoja alikuwa nje na kisu, mmoja alikuwa ndani na giza, nimesikia, nimelia, nimechemsha maji. Mimi nilipigiwa simu nikaambiwa wanao wamevamiwa. Wakakata. Hawakusema mko hai. Ile njia yote nimeitembea nina watoto wawili waliokufa, na nilipofika mkawa wazima, hakuna aliyeuliza nilifikaje. Nawaonea wivu, wanangu. Mungu anisamehe, nawaonea wivu."

Chiriku akazima jiko. Dada akamvutia Mama kiti.

"Ulikuwa wapi simu ilipolia?" akamuuliza.

Mama akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa kwa fundi viatu," akasema. "Nimevua kimoja, ananishonea kisigino. Nimetoka na kimoja tu mguuni."

Na akaendelea, mwanzoni kwa kusitasita, kisha kwa kasi, na mkono wake ukatafuta pa kushika, ukaenda kwanza kwenye goti la Chiriku. Dada aliuona ukienda huko, akasikia kijicho kikipanda kama kawaida yake. Akatoa pumzi, akasogeza kigoda karibu, akasikiliza.